Jengo Litakula Nini?

Kituo ninachokisema hapa hakipo. Nimekiunga kwa vipande vya vituo kadhaa vya Dar es Salaam ambavyo, kila kimoja kwa wakati wake, vimekaa kikao juu ya swali hili hili na kutoka na majibu tofauti. Nimekiweka Temeke, ndani ya nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na uwanja mdogo. Mchana ni maktaba, jioni ni masomo ya ziada kwa watoto wa shule za msingi za jirani. Mwenye nyumba amefariki. Warithi wamepatana juu ya jambo moja tu, kuuza, na kwa heshima ya marehemu wamekipa kituo nafasi ya kwanza kwa shilingi milioni 300. Pango kwa sasa ni milioni 2 kwa mwezi, linalipwa miezi sita kwa mkupuo kama ilivyo desturi ya mji huu. Benki kuna milioni 180: akiba ya miaka, pamoja na fedha za mwisho za mfadhili aliyefunga mradi wake na kuwaambia wazitumie waonavyo, jambo ambalo halitokei kila siku. Tarakimu zote hizi ni za mfano. Msomaji mwenye kituo chake aweke zake, hesabu itaendelea kwenda.

Wajumbe wa bodi ni wengi, lakini wanaosema ni wanne. Mzee ni mstaafu wa bandari, yupo tangu kituo kinaanza. Mhasibu ni binti wa umri wa mjukuu wake. Mwalimu ndiye anayeshinda na watoto. Wakili ameombwa kuja bila malipo, kwa hiyo amechelewa.

MZEE: Mimi sina maneno mengi. Milioni 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni 240, na siku ya kutoka hatutatoka hata na kitasa cha mlango. Tuna 180. Tukope 120 benki, tununue, yaishe.

MHASIBU: Shikamoo kwanza, mzee wangu.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Sasa nipinge.

MHASIBU: Benki haikopeshi kwa huruma. Riba huku kwetu inazunguka kwenye 15 na 16 kwa mia, na mikopo ya nyumba mara nyingi inapita hapo. Nikichukua 16 kwa miaka kumi, rejesho la milioni 120 ni milioni 2 na ushei kila mwezi.

MZEE: Milioni 2! Si ndiyo kodi tunayolipa leo? Kumbe tutatoa kile kile, ila safari hii baada ya miaka kumi nyumba ni yetu.

Hoja hii ndiyo inayoshinda katika vikao vingi, na inashinda kwa makofi. Nimewahi kusikia mjumbe akisema kwamba anayeipinga hawezi kuwa anaitakia mema taasisi. Ni hoja nzuri. Kasoro yake ni kwamba imehesabu fedha za benki na kuziacha nje fedha za kituo chenyewe.

MHASIBU: Na zile 180? Nikizipeleka kwenye hatifungani za serikali za miaka 20, ambazo miaka hii zimekuwa zikitolewa kwa riba ya asilimia 12 na zaidi, zinatuzalia milioni 21 na laki 6 kwa mwaka. Pango ni 24. Tukibaki wapangaji, akiba inatulipia karibu kodi yote na yenyewe ipo pale pale. Tukinunua, akiba imekwisha siku ya kwanza, na zile milioni 2 za benki tunazitafuta kila mwezi tukiwa mikono mitupu.

MZEE: Umesahau kodi ya zuio.

Hapo Mzee amempata. Sheria inaitaka taasisi inayopanga ikate asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kisha mwenye nyumba apewe kinachobaki. Mwenye nyumba wa mtaani jibu lake ni moja: habari za TRA mtajuana nao wenyewe, mimi nataka milioni 2 mkononi. Ili azipate mkononi, pango la kweli lazima liwe milioni 2 na laki mbili na ushei. Mkataba lakini umeandikwa milioni 2, na mkaguzi wa mfadhili akifika anaikataa ile nyongeza kwa sababu haimo kwenye mkataba. Kituo kinaibeba kimya kimya. Kuna na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye ununuzi wa umeme, na mwaka 2023 ilipandishwa hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayelipia jengo la mtu kodi ya jengo ni mpangaji. Ni haki yake kurudishiwa. Sijakutana na aliyerudishiwa.

MHASIBU: Sawa, mzee wangu. Niandikie milioni 26 na laki 6 na ushei kwa mwaka. Na itapanda, najua. Warithi wakiuza kwa mtu mwingine, wa kwanza kupandishiwa ni sisi.

MWALIMU: Mnamtaja mwenye nyumba kana kwamba kuna mtu. Choo kilipojaa masika, gari la majitaka aliliita nani? Sisi. Bati la chumba cha wadogo lilipotoboka? Sisi. Marehemu ukimpigia alikuwa anasema "kateni kwenye kodi", na ukikata alikuwa ananuna hadi Idi.

Maneno haya ya Mwalimu yana uzito kuliko yanavyosikika. Maandiko mengi yanayowashauri watu juu ya kupanga na kununua yametoka nchi ambazo mpangaji akiona maji yanavuja anaandika barua na fundi anakuja. Kwa hiyo upande wa kupanga, safu ya matengenezo huachwa wazi. Huku kwetu mpangaji, hasa akiwa taasisi yenye aibu ya kuona watoto wakilowa, anabeba nusu ya kazi ya mwenye nyumba tayari. Ila nusu aliyonayo ni ile nyepesi. Nusu nyingine ni paa zima, nyaya za umeme zilizofungwa zamani, mchwa kwenye kenchi, na nondo ambazo chumvi ya pwani inazila ndani ya zege bila kumwambia mtu mpaka siku dari linapomeguka. Mpangaji akiona nyufa za namna hiyo anahama. Aliyenunua anatafuta fedha.

Sasa Mhasibu anaingia kwenye hoja aliyokuja nayo.

MHASIBU: Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Machi ya mwaka ule ule serikali yake ikatangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lake la misaada. Hapa mjini tuliona ofisi zikifungwa kabla mwezi haujaisha, meza na viti vikiuzwa barabarani. Waliokuwa wamepanga walirudisha funguo. Aliyekuwa na mkopo wa nyumba angerudisha nini? Mfadhili anaweza kusitisha kwa barua ya ukurasa mmoja. Benki haisitishi.

MZEE: Na aliyekuwa na nyumba yake, isiyodaiwa? Huyo alikuwa na pa kukaa akingoja.

MHASIBU: Alikuwa na pa kukaa, hakuwa na mshahara wa kumlipa anayekaa. Nyumba huwezi kuikata tofali ukalipa mwalimu.

Kuna mfano wa Zanzibar unaofaa hapa. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe, jengo la serikali. Mwaka 2016 fedha hazikupatikana, tamasha likafutwa. Mwaka 2017 likarudi. Halikuwa na ukumbi wake wa kulinda, kupaka chokaa na kulipia umeme katika mwaka ambao hakuna aliyeingia. Taasisi yenye jengo haiwezi kuruka mwaka kwa wepesi huo. Lakini mfano huu una upande wa pili: tamasha hutumia ukuta siku chache tu kwa mwaka. Maktaba ya watoto hutumia ukuta kila siku Mungu ajaaliayo.

Klabu zetu mbili kubwa, ambazo kwa asili ni vyama vya wanachama na si biashara, zinafundisha jambo hilo hilo kinyumenyume. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya 1936 zote zina majengo Kariakoo na kingo zake, moja Jangwani na nyingine Msimbazi. Lakini ligi wamecheza kwenye viwanja vya watu wengine, Uhuru na baadaye Benjamin Mkapa, wakilipia matumizi. Washabiki huliona hilo kuwa aibu. Mimi sioni. Uwanja wa makumi ya maelfu unaotumika mara mbili tatu kwa mwezi ni afadhali utunzwe na serikali. Somo chungu liko Jangwani: Yanga wanamiliki kiwanja cha Kaunda pale makao makuu, na Mto Msimbazi ukifurika unaingia bila kadi ya uanachama. Ukiwa mpangaji bondeni, maji yakija mara mbili unahamia mlimani. Ukiwa mmiliki unabaki ukingoja mradi wa serikali wa kulitengeneza bonde.

MZEE: Nyie mnahesabu fedha tu. Mimi nawauliza, mlango ni wa nani? Mwaka 1929 watu wa mji huu walianzisha African Association. Walikuwa makarani, watu wa mishahara midogo. Wakajijengea jengo lao New Street. Hawakukodi chumba kwa mtu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoanzishwa, ilianzishwa ndani ya jengo lile. Niambieni, ni mwenye nyumba gani wa wakati ule angewapangisha wale watu wakafanye yale mambo?

Hapa Mhasibu hakuwa na jibu la haraka, na mimi pia sina. New Street leo ni Mtaa wa Lumumba. Kenya nayo ina mfano wake. Mwishoni mwa 1999, viongozi wa dini na vyama vya kiraia walipokataa mchakato wa katiba uliokuwa mikononi mwa Bunge, walikutana Nairobi katika jumba la Ufungamano, mali ya makanisa, na vuguvugu zima likachukua jina la jumba. Ukumbi wa hoteli ungeweza kufutwa kwa simu moja kutoka juu. Ukumbi wa serikali usingeweza hata kuombwa. Na hapa Dar, TGNP, shirika la kutetea haki za wanawake, wamekuwa wakiwakusanya watu kila Jumatano kwa semina zao pale Mabibo, mwaka baada ya mwaka, watu wa Manzese na Kigogo wakijua pa kwenda bila kutumiwa ujumbe. Mazoea ya namna hiyo hayajengeki kwenye anwani inayobadilika kila mkataba unapoisha.

Kwa hiyo swali la Mzee linagawa taasisi katika mafungu. Anayefanya kazi inayoweza kumtia mwenye nyumba hofu, iwe ni kutetea haki, kuhifadhi wanawake waliokimbia vipigo au kuwapa dawa watu ambao jirani hawataki kuwaona, ana sababu ya kuwa na mlango wake ambayo haimo kwenye jedwali la mhasibu. Mwenye kituo cha kusomesha watoto hesabu hana sababu hiyo kwa nguvu ile ile. Mwenye nyumba hamwogopi mtoto wa darasa la nne. Anamchukia tu kwa kelele.

Wakili akafika. Foleni ya Barabara ya Mandela, alisema, na hakuna aliyebisha.

WAKILI: Mmefika wapi?

MZEE: Tunanunua.

MHASIBU: Hatujaamua.

WAKILI: Mnanunua nini?

MZEE: Nyumba, mwanangu. Hii uliyomo.

WAKILI: Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ni mdhamini, ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Mnachonunua ni haki ya kukaa kwa muda ulioandikwa: miaka 33, 66 au 99. Hati ya marehemu ilitolewa lini? Imebakiza mingapi?

Kimya.

WAKILI: Au labda si hati. Labda ni leseni ya makazi. Au ni ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mmeiona? Na matumizi yaliyoandikwa ni yapi? Ikiwa ni makazi, mkishakuwa wamiliki mtatakiwa muombe kubadili matumizi. Na hifadhi ya barabara? Mwaka 2017, kutoka Kimara hadi Kiluvya, hata nyumba zilizokuwa zaidi ya mita 100 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa, na nyumba za ibada zikiwemo. Wengi walikuwa wamejenga kwa imani kwamba wako kwao.

MWALIMU: Tumeongea na mtoto mkubwa wa marehemu. Mtu mzuri.

WAKILI: Mtoto mkubwa si cheo mahakamani. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mkimlipa mtoto mkubwa na mdogo wake wa mama mwingine akajitokeza mwakani, mtakuwa mmenunua kesi.

MZEE: Haya, tutampata huyo msimamizi. Na kwa kuwa warithi wana haraka, hati tuiandike kwa jina langu, baadaye tutahamisha.

WAKILI: Mzee wangu, Mungu akupe umri. Una watoto wangapi?

MZEE: Saba.

WAKILI: Basi kituo kina warithi saba.

Walicheka, na Mzee alicheka kuliko wote, lakini jambo lenyewe limeua vituo vingi kuliko mafuriko. Haraka ya kununua huandika jina la mwanzilishi, la mwenyekiti, wakati mwingine la padri au la shehe, kwa nia njema kabisa. Mtu anapofariki, watoto wake, ambao hawajawahi kufika kwenye kikao hata kimoja, wanakuta hati kabatini. Njia ipo na si ngumu: ama jina la taasisi yenyewe, ikiwa usajili wake unaipa uwezo wa kumiliki, ama wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ambao anapofariki mmoja anateuliwa mwingine na hati haisogei.

WAKILI: Kuna njia ya katikati. Mkataba wa upangaji wa zaidi ya miaka mitano, unaosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ukishasajiliwa, hata nyumba ikiuzwa, anayenunua anawakuta ndani na anawaheshimu.

MHASIBU: Hiyo ndiyo naitaka!

WAKILI: Usifurahi mapema, dada. Warithi wanataka kuuza. Nyumba yenye mpangaji wa miaka mingi ndani haipati bei ile ile. Watawaambia hapana, na wana haki.

Mhasibu akarudi na jambo la bajeti ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote aliyosema siku ile, ingawa alilisema kama nyongeza. Wafadhili wengi wana mstari wa pango katika bajeti zao. Mstari wa kununua nyumba hawana. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida haukubali gharama ya kununua ardhi au jengo isipokuwa pale ambapo mradi wenyewe hauwezi kufanyika bila hilo. Rejesho la mkopo halina pa kuandikwa. Kituo kinachopanga kinaweza kuugawa mzigo wa milioni 24 kwa miradi mitatu, kila mmoja ukachangia. Siku kinaponunua, michango hiyo inakoma, kwa sababu mtu hawezi kumdai mfadhili pango la nyumba yake mwenyewe. Fedha za kununua zinatoka kwenye akiba, na fedha zilizokuwa zinaingia kwa ajili ya nyumba zinaacha kuingia. Mwaka wa kwanza hakuna anayeona. Mwaka wa tatu inaonekana kwenye mishahara.

MZEE: Basi vyumba vya mbele tufungue maduka, tupangishe. Msimbazi pale Simba wana wapangaji. Makanisa yana kumbi, yana hosteli. Jengo lijilishe.

MWALIMU: Halafu Jumamosi watoto wakija wakute kuna sendofu.

Huu ni mjadala na si hukumu, lakini siwezi kuandika juu ya jambo hili nikajifanya sina upande. Mzee amegusa jambo ambalo watu wa pwani walilijua zamani kuliko benki zote. Mtu alipoweka wakfu msikiti au madrasa, hakuishia kwenye kuta. Aliweka pamoja nayo duka, nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, ili kodi na mazao yake yanunue mafuta ya taa, mikeka na chokaa. Jengo lilitolewa pamoja na chakula chake. Zanzibar leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo, na ukipita Mji Mkongwe unaweza kuona pia mambo yanavyokwenda chakula kinapopungua: nyumba za wakfu ambazo hakuna anayeweza kuziuza, zenye kodi ndogo isiyotosha hata kuziba dari, zikiangukia ndani taratibu. Wakfu humzuia mlafi. Mvua hauizuii.

Ndiyo maana swali la kupanga au kununua, kama linavyoulizwa vikaoni, naliona limeanza katikati. La kwanza ni jengo litakula nini. Milioni 180 pamoja na deni la 120 vinanunua kuta zisizo na chakula, tena zenye mdomo wa ziada ambao ni benki. Maduka ya mbele yangeweza kulisha, lakini kituo hiki kina watumishi wachache, na kupangisha maduka ni kazi: kudai kodi, kugombana na mwuza chipsi kuhusu moshi, kukata kodi ya zuio safari hii ukiwa upande wa pili. Mwalimu hakuajiriwa kwa hilo. Taasisi kubwa zinaweza kumweka mtu wa mali. Ndogo humweka mwalimu, na baada ya mwaka zinajiuliza kwa nini watoto wamepungua.

Mhasibu naye simwachi aende na ushindi. Hesabu yake inachukulia kwamba kupanga hakugharimu kitu zaidi ya kodi, na si kweli. Kituo kinachoishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja hakipandi mwembe. Hakijengi rafu za ukutani, hakichimbi kisima, hakiweki njia ya kiti cha magurudumu, kwa sababu vyote vitabaki kwa mtu. Ukihesabu miaka ya kuahirisha mambo kwa hoja kwamba hapa si kwetu, utakuta gharama ambayo haikuingia kwenye jedwali lolote. Na hatifungani zake hazifuatani na bei ya viwanja vya Temeke. Miaka kumi ijayo milioni 180 zitakuwa bado ni 180, na kiwanja hakitakuwa bado ni kile kile kwa bei.

MZEE: Basi sikilizeni neno la mwisho la mzee. Sisi nyumba zetu tulijenga bila benki. Unanunua kiwanja, mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, ukipata unaezeka. Chamazi kuna viwanja. Tununue, tujenge kidogo kidogo, bila deni la mtu.

MWALIMU: Baba, watoto wangu wanakuja kwa miguu, na ndala. Wa miaka minane hapandi daladala mbili kwenda Chamazi kusoma kitabu cha sungura.

MZEE: Watakuwepo watoto wa Chamazi.

MWALIMU: Watakuwepo. Ila hao hatujawajua, na hawa wa hapa tutakuwa tumewaacha kwa sababu ya kiwanja.

Njia ya Mzee ya kujenga bila deni ni sahihi, na ndiyo namna mji huu wenyewe ulivyojengwa. Kilichokosewa ni mahali. Taasisi inayofuata kiwanja cha bei nafuu huishia kumiliki jengo mbali na watu iliyoundwa kwa ajili yao, na hapo inapoteza wepesi wa mpangaji bila kupata mizizi ya mwenyeji.

Ningekuwa na kura, ningeipiga hivi. Nyumba hii kwa milioni 300, hapana. Kwanza zitengwe milioni 60, mshahara wa mwaka mzima wa watumishi kwa kadiri ya milioni 5 kwa mwezi, zisiguswe na kikao chochote kwa jambo la ujenzi. Zinazobaki 120 ziwekwe zizae, huku wakitafuta bila haraka kipande kidogo ndani ya mwendo wa miguu wa mtoto, hata chenye nyumba mbovu juu yake, kwa bei isiyohitaji benki. Kwa warithi iende barua, aandikiwe msimamizi wa mirathi na si mtoto mkubwa: kituo kiko tayari kusaini miaka sita na kusajili, kulipa mwaka mzima mbele, na kodi ya zuio iandikwe ndani ya bei ili kusiwe na fedha ya kimya kimya. Wanaweza kukataa. Wakikataa, kituo kitahama, na kuhama na rafu za skrubu ni taabu ya wiki moja.

Mzee alipiga kura ya kununua na akataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba alipiga. Iliandikwa. Mwalimu alisema yeye yuko upande wa barua, mradi mtaa usibadilike. Wakili amechukua kazi ya kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kuona kama kuna hati, ya nani, na kama haina zuio. Mhasibu ameomba majibu yapatikane kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu miezi sita inaisha na milioni 12 za kodi zinatakiwa, nyumba iuzwe isiuzwe.